Mchezo wa jukwaani na kodi za soko la Kadutu

Kijana wa Kadutu: Ndugu zangu wa Bukavu, kikundi chetu kinataka kuigiza jinsi akina mama wauza sombe, yaani majani ya muhogo, wanavyotozwa kodi mara mbili kwa siku bila risiti, lakini tunahofia watu watacheka, watapiga makofi na kwenda zao. Tufanyeje?

Mwalimu: Msiumalize mchezo kwa ushindi. Katika njia aliyoianzisha Augusto Boal wa Brazili miaka ya 1970, mwonewa hushindwa kwanza, kisha mchezo hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama", akapanda jukwaani na kushika nafasi ya mwonewa huyo. Nafasi ya mtoza kodi haiguswi, kwa sababu kumfanya awe mwema ghafla ni muujiza, na miujiza hiyo sokoni hatujaiona.

Mama wa sokoni: Wanangu, mtoza kodi asikubali upesi, akinyakua beseni, tuone nani atasimama na mwenzake. Majina ya watu msiyataje, maana ninyi mtaondoka, sisi tutabaki na meza zetu.

Mwalimu: Mama amesema kweli. Tena andikeni yatakayopendekezwa: Boal, alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, aliyafikisha mapendekezo ya jukwaani barazani, na baadhi yakawa sheria.