Nitapimaje uchovu wa vijana wanaopakia magogo?

Karani_wa_Shamba:
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia vijana wanaopakia magogo ya paini kwa mabega huku Sao Hill, Mufindi. Kazi ni ya kipande: gari lisipojaa, hakuna hela. Sasa mwajiri anataka kuongeza kipande, eti vijana bado wana nguvu. Mimi nashinda nao. Ikifika saa tano, mtu akitwishwa gogo bichi miguu inatetemeka kabla hajaukanyaga ubao wa kupandia garini. Nimesema hadi nimechoka, bosi anataka namba. Nazipataje bila mashine za hospitali? Naumia sana kuwaona hivi.

Bwana_Miti:
Mkuu, tumia mapigo ya moyo. Asubuhi kabla ya kazi kijana akae atulie, uhesabu mapigo yake kwa dakika: hayo ndiyo ya mapumziko. Ya juu kabisa kadiria kwa 220 kutoa umri. Mfano, ana miaka 26: ya juu ni 194. Mapigo ya mapumziko yakiwa 62, nafasi uliyonayo moyo wake kupanda ni 194 kutoa 62, yaani 132. Ukimkuta kazini ana 136, ametumia 74 kati ya hizo 132, yaani 56%. Kwa zamu ya saa nane, wataalamu wa kazi za msituni huweka kikomo kwenye 40%. Kwa huyu kijana, 40% ya 132 ukijumlisha 62 ni kama mapigo 115.

Nesi_Mafinga:
Shika kifundo cha mkono mara tu anapotua gogo, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukisubiri anywe maji kwanza, moyo umeshatulia. Ila 40% ni wastani wa zamu nzima, kwa hiyo usimpelekee bosi kipimo kimoja cha kilele, atakukataa na atakuwa na haki. Pima kila baada ya muda ule ule, hata wakiwa wamekaa wanasubiri gari. Sigara na jua kali navyo hupandisha mapigo, viandike pembeni.

Mzee_wa_Msumeno:
Na mwenyewe aulizwe. Kuna kipimo cha Msweden Borg, 6 hadi 20: 6 hasikii uzito wowote, 20 ndiyo mwisho wa uwezo wake. Muulize faragha, mdogo wangu. Mbele ya wenzake kila kijana atakwambia "freshi tu".

Karani_wa_Shamba:
Asanteni sana. Naandaa daftari: jina, umri, mapigo ya mapumziko, mapigo ya kila nusu saa, na namba ya Borg. Nesi, anayesimama juu ya gari kupokea magogo nimpime kivyake? Yeye habebi umbali, ila hapumziki kabisa.

Nesi_Mafinga:
Kivyake, tena umpime huyo kwanza.