Chatu wangu mdogo kagoma kula ghafla, wiki ya nne sasa

Mfugaji_mpya:
Wakuu habari. Naombeni msaada maana mwenzenu nimeanza kukosa usingizi kisa nyoka, mama watoto ananicheka kwelikweli. Nina chatu mdogo, Python regius, hawa wanaojikunja duara kama mpira wakiogopa, ana miezi 7 hivi. Tangu nimpate alikuwa mlafi balaa, kila Jumamosi kipanya kimoja cha friza nakiyeyusha namsogezea na koleo, sekunde tano haziishi kashadaka kashajizungusha. Sasa wiki 4 hizi hagusi. Ya kwanza alinusanusa akageuza kichwa, ya pili akadaka akabana vizuri kabisa afu akakiachia akaondoka zake!! Basi nikaanza kumjaribu kila baada ya siku moja, sasa hivi akiona koleo tu anaficha kichwa. Gamba alivua siku nyingi na lilitoka zima, so sio hilo. Kilichobadilika ni kimoja tu, nimemhamishia kwenye tanki kubwa la kioo, niliona lile boksi la mwanzo linambana. Alikuwa gramu 214, leo 207. Anaumwa au anadeka?

magamba_matupu:
Haumwi huyo mkuu, anaogopa. Hawa wakiwa porini mchana kutwa wako ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, wanapenda kubanwa. Wewe ulimwonea huruma ukamweka kwenye uwanja wa mpira, kioo pande zote, halafu kila baada ya siku moja linakuja likoleo usoni. Hata mimi ningegoma.
Mwekee maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yawe madogo kiasi kwamba akiingia mwili unagusa kuta. Funika kioo pande tatu, hata kwa karatasi. Halafu muache siku 7, usimshike, usimpe chochote zaidi ya maji. Gramu 7 hazifiki hata asilimia 4, akipoteza asilimia 10 (yani akifika 193 huko) ndo umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Ila ukiona anapumua mdomo wazi au mapovu puani usisubiri mzani, nenda siku hiyo hiyo.

KingNyoka:
Mnazunguka sana, mpe kipanya hai atakula tu. Wangu nilimfanyia hivyo akala.

dada_reptilia:
@KingNyoka ulibahatika kaka. Mimi nilimwachia wangu kipanya hai usiku nikaenda kulala, asubuhi nakuta kang'atwa juu ya jicho, kovu analo mpaka leo. Nyoka asiye na hamu ya kula hata hajitetei, anakaa tu anatafunwa.
Mfugaji, kwanza hicho kipanya unakipashaje? Maana hawa wana vishimo kwenye mdomo wa juu vya kuhisi joto, kwao kipanya cha baridi ni kama jiwe. Kudaka afu kuachia mara nyingi ndo hapo. Kiyeyushe kwenye friji usiku, kesho yake kifunge kwenye mfuko ukitie kwenye maji ya moto (sio yanayochemka) mpaka kifike nyuzi 38 hivi hasa kichwani. Maikrowevu marufuku, kinaiva nje ndani bado barafu au kinapasuka, na huo usafi utafanya wewe.
La pili, chini ya hayo maficho ya upande wa joto kuna nyuzi ngapi? Usiniambie kipimajoto cha kubandika kwenye kioo kinasema nini, nataka sakafuni.

Mfugaji_mpya:
Dada umenishika pabaya. Cha kubandika kinasema 31. Nimeazima cha dijitali chenye waya nikaweka sakafuni, 26!!! Kumbe pedi ya joto iliyokuwa inatosha boksi haitoshi hili tanki.

dada_reptilia:
Basi ndo hilo. Inatakiwa 31 mpaka 33 huko na upande mwingine 25 hivi. Nyoka hana joto lake mwenyewe, 26 tumbo linakuwa zito kusaga, angekula angeweza hata kukutapikia. Weka pedi kubwa yenye thamostati (kile kifaa kinachozuia joto lisipite kiwango), bila thamostati utamchoma tumbo.

Mfugaji_mpya:
Wadau mrejesho. Nimebadilisha pedi, sakafu inasoma 32, maficho mawili, kioo nimeziba. Siku 8 sikumgusa. Jana usiku nimekipasha vizuri, nikamsogezea akatoa kichwa nje akanitolea ulimi muda mrefu weee, hakudaka. Nikakilaza mlangoni kwa maficho nikazima taa. Asubuhi hakipo na ana uvimbe katikati!!!! Nimempima fasta

magamba_matupu:
Hongera lakini umempima wa nini sasa 😂 masaa 48 usimshike, utamtapisha.

Mfugaji_mpya:
Aah nimeshamrudisha. Sasa zaidi ya wiki 4 alikuwa hajala, kesho nimwongeze kingine afidie?

dada_reptilia:
Hapana! Subiri siku 7, na umpe cha saizi ile ile au kidogo zaidi, kisizidi unene wake katikati. Akila mara tatu mfululizo bila kugoma ndo upandishe saizi. Na hilo koleo lipumzishe kwanza, endelea kumwachia mlangoni.

Mfugaji_mpya:
Sawa dada. Mama watoto anauliza kama vilivyobaki vinaweza kutoka kwenye friza yake, nimemwambia bado sana.