Mrejesho: Tour du Mont Blanc tumeimaliza

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kupanga Tour du Mont Blanc, ile njia ya miguu ya kilomita 170 hivi inayozunguka mlima Mont Blanc na kupita Ufaransa, Italia na Uswisi. Tumerudi salama, asanteni mno.

Ushauri wa kuwahi kushika vitanda kwenye vibanda vya mlimani ndio uliotuokoa. Tuliona watu wakirudishwa mlangoni jioni. Hata hivyo upande wa juu wa Val Ferret, bonde la upande wa Italia, tulikosa nafasi kabisa. Tukalala mji wa Courmayeur, asubuhi tukapanda basi hadi Arnouvaz, juu bondeni, ndipo tukakwea Grand Col Ferret (mita 2,537), kipito cha mlimani cha kuvukia kwenda Uswisi. Mwenye kukwama hapo afanye hivyo bila wasiwasi.

Aliyesema tubebe fimbo za kutembelea, Mungu ambariki. Mteremko wa kuingia Courmayeur ni vumbi na mizizi, magoti yanalia. Fenêtre d'Arpette, njia mbadala ya juu na ngumu zaidi, niliitamani sana, ila mawingu yalishuka tukiwa kijiji cha Champex, Uswisi, tukapita njia ya chini ya Bovine kama mlivyoshauri. Ng'ombe wenye kengele shingoni, njia pana, hakuna aliyeteleza.

Shuka nyepesi ya kulalia msiiache, vibandani wanaidai.