Majani kutumia kwantamu: sayansi au usanii?

Mchokozi: Wakuu, mwaka 2007 timu ya Graham Fleming kule Berkeley ilitoa kazi iliyofanya dunia iimbe kwamba eksitoni (kifurushi cha nishati ya mwanga) ndani ya protini ya FMO, inayopitisha nishati hiyo, inajaribu njia zote kwa mpigo kama wimbi la kwantamu; ushahidi ulikuwa mdundo mrefu kwenye vipimo vyao. Fedha zikamwagwa. Mwaka 2020 wataalamu wenyewe wakaandika kwenye Science Advances kwamba ule mdundo mrefu ulikuwa mitetemo ya molekuli tu. Je, fedha za umma za “baiolojia ya kwantamu” ziendelee au zisitishwe?

BiMwanga: “Tu”? Unaizungumzia mitetemo kama kelele za mtaani. Eksitoni ikishuka ngazi ya nishati, kile kilichozidi lazima kipokelewe na kitu, na kinachokipokea ni mitetemo ya molekuli za rangi zinazonasa mwanga na ya protini. Bila hiyo ingezungukazunguka humo, isifike kwenye kituo cha mmenyuko, pale nishati inapoanza kugeuzwa kuwa kemia.

Kipanga77: Mmea una ufanisi wa karibu asilimia 100. Paneli zenu za silikoni ziko 20 na ushee. Halafu mtu anataka utafiti usimame!

Jembe: Asilimia 100?! Mazao mengi hayageuzi hata asilimia 2 ya nishati ya jua kuwa chakula. Punguza kiki mkuu.

Kipanga77: Nilimaanisha fotoni zilizonaswa zikafikishwa kituoni. Soma kwanza ndipo urukie.

Jembe: Ulimaanisha, hukuandika. Posti yako ipo hapo juu.

MtuWaLeza: Na FMO si ya mmea jamani, ni ya bakteria wa kijani wa salfa. Hakuna jani hapo. Kichwa cha mada kirekebishwe.

Mchokozi: Mada ya fedha, wewe unakagua kichwa. Ule mdundo wa femtosekunde 660 (femtosekunde ni sekunde igawanywe mara milioni bilioni) mlioutangazia dunia si ulipimwa kwenye kelvini 77, yaani nyuzi 196 chini ya sifuri? Bakteria gani anaishi kwenye baridi hiyo?

MtuWaLeza: “Mlioutangazia”? Mimi sikuwemo. Kazi yangu ni mapigo ya leza: la kwanza linaamsha sampuli, la pili linachungulia baadaye kidogo. Kuchelewesha ni kusogeza kioo. Maikromita 3, kwenda na kurudi, ni femtosekunde 20. Kinachotoka ni mstari unaopanda na kushuka, na mstari haukwambii kama unaotikisika ni wingu la elektroni au viini vya atomi. Kipimo cha 2017 kwenye joto la kawaida kilikuta wimbi la kielektroni linakufa ndani ya femtosekunde 60 hivi, wakati safari ya nishati kuvuka FMO inakula pikosekunde, na pikosekunde moja ni femtosekunde elfu. Piga hesabu mwenyewe.

Kipanga77: Kwa hiyo tulidanganywa.

BiMwanga: Na nani? Mbinu ile ile ya mapigo ya leza, inayoitwa spektroskopia ya pande mbili, ndiyo iliyoleta jibu la 2017. Leo inatumika kwenye perovskaiti, fuwele za kutengenezea paneli za sola, ambako wavu wa atomi ni laini kiasi kwamba chaji ikipita inaukunja na kutembea na mkunjo wake.

Jembe: Hizo perovskaiti zina risasi, ile metali yenye sumu, dada. Mbona hilo hulisemi?

BiMwanga: Gramu moja hivi kwa mita ya mraba. Betri ya gari ina kilo kadhaa, na gari unapanda.

Mchokozi: Risasi imeingiaje hapa? Nimeuliza fedha.

Jembe: Subiri kwanza. Betri imefungwa na inarudishwa kuyeyushwa. Paneli iko juu ya paa inanyeshewa, na hiyo chumvi ya risasi inayeyuka kwenye maji. Nijibu hilo, dada.