Matetea watatu, mayai 41, vifaranga 17: nimekosea wapi?

Mfugaji wa Kibaha aliuliza:

Habari za leo ndugu wafugaji. Nawaandikia kutoka Kibaha, mkoani Pwani, ambako nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba: matetea tisa na jogoo mmoja wa aina ya kuchi. Sina mpango wa kununua mashine ya kutotolesha, kwa sababu umeme wa huku kwetu hukatika mara kwa mara na mayai ninayopata si mengi kiasi cha kustahili gharama hiyo. Nataka kuku wenyewe waatamie, kama walivyokuwa wakifanya kwa marehemu bibi yangu, ambaye sikumbuki kumsikia akilalamikia mayai viza.

Mwezi wa pili mwaka huu matetea watatu walianza kuatamia ndani ya wiki moja. Wa kwanza nilimwekea mayai 14, wa pili 15, na wa tatu, ambaye ni mdogo wa umbo, nilimwekea 12. Siku 21 zilipotimia, wa kwanza alitoa vifaranga sita, wa pili tisa na wa tatu wawili tu. Mayai 24 yaliyobaki niliyapasua nje ya uzio ili nijue kilichomo. Tisa hayakuwa na dalili yoyote ya kifaranga, kumi yalikuwa na duara la damu au kitu kidogo cheusi kilichonata pembeni, na matano yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wenye manyoya, waliofia ndani ya ganda.

Naeleza pia mambo mengine ambayo huenda yakawasaidia kunijibu. Mayai niliyakusanya kwa muda wa wiki tatu na kuyahifadhi kwenye bakuli juu ya kabati la jikoni; yaliyokuwa na kinyesi niliyaosha kwa maji. Matetea wote tisa hutagia katika sanduku moja refu nililoligawa kwa vipande vya ubao, na hao watatu waliatamia humo humo. Vifaranga 17 waliototolewa sasa wana wiki tatu na wamebaki wanane: baadhi walichukuliwa na kunguru, na wengine walizubaa siku moja au mbili wakafa. Jirani yangu ananishauri niwachinje matetea hawa kwa kuwa hawajui kulea, ninunue wengine. Je, kosa ni lao?

Mzee wa Muheza alijibu:

Mwanangu, usimchinje tetea yeyote kwa kosa ambalo, kwa jinsi ulivyoeleza, kwa sehemu kubwa lilitendeka kabla hajakalia yai hata moja. Umefanya jambo ambalo wafugaji wengi hawana subira nalo, yaani kuyapasua mayai na kuyahesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema.

Nianze na yale kumi yenye duara la damu, kwa kuwa ndiyo mengi. Yai lenye mbegu huwa limekwisha kuanza kukua likiwa bado tumboni mwa kuku. Likitagwa na kupoa, ukuaji husimama na yai hukaa kama limelala, likingoja joto la tetea. Juu ya kabati la jikoni, Pwani, mwezi wa pili, joto hufika nyuzi 30 na kuendelea. Hilo haliwezi kuangua kifaranga, maana tetea hulipa yai joto la nyuzi 37 hadi 38, lakini linatosha kukiamsha kiinitete kilichomo. Kitakua kidogo mchana, kitasita usiku, kitakua tena kesho yake, na hatimaye kitadhoofika, ama kife hapo hapo kabatini ama kife siku chache baada ya kuatamiwa. Bibi yako huenda hakuwa na kabati. Bibi yangu mimi aliweka mayai kwenye chungu chenye mchanga, sakafuni, pembeni mwa mtungi wa maji, na mahali hapo ndipo palipokuwa na ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba. (Aliweka pia kipande cha mkaa ili radi isiyaharibu mayai. Mkaa nimeuacha, chungu ninacho hadi leo.)

Kwa joto la huku kwetu pwani, yai la kuatamisha lisizidi siku saba tangu litagwe. Wenzetu wa Lushoto na Njombe, kwa baridi yao, wanaweza kufika siku kumi bila hasara kubwa. Andika tarehe kwenye ganda kwa penseli na uyapange mayai ncha nyembamba ikiwa chini, ili ile nafasi ya hewa iliyo upande mpana ibaki juu mahali pake. Tetea mmoja akiwa hakupi mayai ya kutosha ndani ya wiki, chukua ya matetea wengine ambayo ni mapya, na ya zamani myale nyumbani. Hata yale tisa uliyoyaona hayana kitu, sidhani kwamba yote yalikosa mbegu, kwa kuwa jogoo mmoja kwa matetea tisa ni uwiano mzuri. Nashuku baadhi yake yalikuwa na umri wa wiki mbili au tatu na viinitete vilikufa mapema mno kiasi kwamba jicho halikuweza kuviona.

Kuhusu kuosha: acha kabisa. Ganda la yai lina matundu madogo yasiyoonekana, na juu yake kuna utando mwembamba unaoyaziba dhidi ya vijidudu. Maji huuondoa utando huo, na yakiwa ya baridi kuliko yai, uchafu huvutwa ndani. Yai lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu, na lile lililochafuka sana likaange.

Yamebaki yale matano yenye vifaranga kamili, na hapo kosa ni la sanduku. Matetea wengine sita waliendelea kutagia humo, wakachanganya mayai yao na yale yanayoatamiwa. Tetea hahesabu siku kwa kila yai. Akisikia vifaranga wa kwanza wanalia chini yake husubiri siku moja au mbili, kisha huondoka nao kwenda kutafuta chakula, na yai lililochelewa siku tatu au nne hubaki nyuma likapoa. Kila anayeatamia apewe kiota chake peke yake, mahali penye giza kidogo na utulivu, na mayai yake yatiwe alama ya mkaa kuyazunguka, ili jioni anapotoka kula uweze kuliondoa lolote lisilo na alama.

Binti wa Singida alijibu:

Shikamoo mzee. Nakubaliana na yote uliyosema isipokuwa naongeza mawili, kwa kuwa kazi hii nimeikuta kwa mama yangu na sasa naiendesha mwenyewe huku Iramba, ambako kuku wetu wengi huishia kwenye matenga yanayopelekwa Dar es Salaam.

Kaka wa Kibaha, bahati kubwa uliyoipata ni kuwa na matetea watatu kwa wakati mmoja, nawe hukuitumia. Sisi anapoanza wa kwanza tunamwekea mayai mawili au matatu viza ya kumshikilia, na kama wa pili na wa tatu wanaonyesha dalili, yaani wanakaa kiotani usiku na kuvimba manyoya ukiwasogelea, tunawasubiri kwa siku chache, tusizidi wiki moja kwa kuwa tetea anayeatamia hula kidogo na hukonda. Kisha jioni moja, giza likishaingia, tunayaondoa yale viza na kuwawekea wote mayai mapya kwa mara moja. Siku ya saba usiku tunayapima kwa tochi ya simu, yai likiwa limefunikwa kwa kiganja ili mwanga upite ndani yake: lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama utando wa buibui, na lisilo na kitu hupitisha mwanga mweupe. Kama wewe ungefanya hivyo, ungegundua mapema kwamba mayai mengi yameharibika, ungeyaondoa, na mazima yangeenea chini ya matetea wawili huku yule mdogo akirudi kutaga. Tunarudia kupima siku ya 14. Baada ya siku ya 18 hatugusi tena kitu.

Watu wengine watakwambia uyatumbukize mayai kwenye maji ya uvuguvugu siku za mwisho ili uone yapi yanatikisika. Najua wazee wengi wanaofanya hivyo na kufanikiwa, lakini yai lenye ufa usiouona utalizamisha pamoja na kifaranga wake. Kuhusu kunyunyizia maji kiotani, huku kwetu kiangazi ni kikavu sana na mama hulowanisha kidogo udongo ulio chini ya majani, siyo mayai yenyewe. Kibaha, pamoja na unyevu wa bahari, sioni haja hiyo.

Vifaranga wakishatoka, wape mama mmoja au wawili wenye uzoefu. Wahamishe usiku, wakiwa bado na siku moja au mbili, ukiwasukuma taratibu chini ya mabawa, na asubuhi tetea atawahesabu kuwa wake. Yule uliyemnyang'anya vifaranga atarudi kutaga mapema zaidi kuliko akilea miezi miwili au mitatu. Ila wapo wanaomwekea tetea huyo huyo mayai mengine siku hiyo hiyo aatamie tena siku 21, na hilo mimi silikubali, kwa sababu nimeona kuku wakifia kiotani.

Na hao kunguru, kaka, usiwaachie watoto. Wiki nne za kwanza vifaranga wetu hawazururi. Mchana tunawafunika pamoja na mama yao kwa tenga kubwa kivulini, na chakula tunawapa humo humo: chenga za uwele au mahindi, dagaa waliopondwa, na mchwa. Mchwa tunawatega kwa chungu kilichojazwa majani makavu na samadi iliyolowana, kikafunikwa kifudifudi juu ya njia yao jioni. Asubuhi unakikuta kimejaa. Kibakuli cha maji kiwe kifupi na kitiwe vijiwe, vifaranga wasizame.

Afisa Mifugo Mstaafu alijibu:

Waliotangulia wamelimaliza suala la mayai. Mimi nataka kuligusa neno moja ambalo mwuliza swali alilipita haraka, kwamba vifaranga "walizubaa siku moja au mbili wakafa".

Kuzubaa kuna sababu nyingi, ikiwemo baridi ya usiku na kuhara, na siwezi kutaja ugonjwa bila kuwaona. Lakini kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji swali la kwanza ni lazima liwe mdondo, ambao wengine huuita kideri, kwa sababu ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kulimaliza lote kwa siku chache. Hauna tiba. Shubiri, pilipili na majivu, ambavyo nimeviona vikinyweshwa kuku katika kila wilaya niliyofanya kazi, havijawahi kuuzuia. Njia ya asili ya kuatamisha haimzuii mtu kuchanja. Chanjo ya I-2 hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, nayo inastahimili joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, ingawa hilo si ruhusa ya kuiacha juani. Hutolewa tone moja kwenye jicho, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina matone ya kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi muda mrefu, kwa hiyo shirikianeni na majirani mchanje siku moja. Kuku wagonjwa haiwaponyi, na matetea wako uwachanje kabla hawajaingia kuatamia, siyo wakiwa kiotani.

Jambo la pili ni utitiri. Ingia bandani usiku na tochi, upitishe kidole kwenye nyufa za lile sanduku. Ukikuta vidudu vidogo vyekundu au damu kidoleni, basi umepata sababu nyingine ya mayai kupoa, kwa kuwa tetea anayenyonywa damu usiku kucha hunyanyuka na kukiacha kiota. Choma majani yote ya zamani, anika sanduku juani, na kiota kipya ukiweke juu ya mchanga mkavu uliochanganywa na majivu.

Mfugaji wa Kibaha aliandika tena:

Shikamooni wazee wangu, na asante sana dada wa Singida. Jana usiku niliingia bandani na tochi. Utitiri upo, tena mwingi, kwenye kile kipande cha sanduku alichokalia tetea wa tatu, yule aliyetoa vifaranga wawili, ambaye ndiye jirani alikuwa amekwisha kumpangia kisu. Sanduku nimelichoma lote. Kuku wangu hawajawahi kuchanjwa; nimezungumza na majirani wanne na tumekubaliana kununua chanjo kwa pamoja mwisho wa wiki hii.

Nina swali moja la mwisho. Nina pia matetea wawili chotara walioletwa kutoka mjini, ambao hutaga vizuri kuliko wa kienyeji lakini hawajawahi kuatamia. Je, niwasubiri?

Mzee wa Muheza alijibu:

Usiwasubiri. Chotara wengi walichaguliwa kwa ajili ya kutaga na kukua haraka, na tabia ya kuatamia imepungua sana kwao. Chukua mayai yao yakiwa mapya, uwawekee wale wa kienyeji, hasa huyo wa tatu baada ya kumwondolea utitiri. Kwa kuwa mayai ya chotara ni makubwa kidogo, muanzie na kumi. Mchungulie akiwa amekaa: yai lolote likionekana limejitokeza nje ya manyoya, ujue yamezidi, kwa sababu yeye huyageuza na kuyazungusha kila siku, na lililo pembeni leo kesho litakuwa katikati, hivyo yote yatapata baridi kwa zamu.