Jamaa wa banda la gemu Mwanga kanizimia tivii gari likiwa HEWANI, halafu ananiambia "shuka"

Konda_MwishoWaReli:

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Jamaa mwenyewe simtaji. Mnamjua. Mwanga nzima hapa Kigoma inamjua, Gungu wanamjua, Ujiji wanamjua. Kofia ya sufi saa nane mchana, kalamu sikioni, daftari la madeni ambalo hata mama yake mzazi yumo. Huyo huyo.

Sasa ana kale kamashine keupe ka gemu, Wii ya Nintendo, na gemu la magari la Excite Truck. Kwa wasiolijua: hakuna padi ya kusukumasukuma kwa dole gumba. Unashika rimoti kwa ulalo, mikono miwili. Ukiiinamisha kushoto, gari linakwenda kushoto. Likiruka, unaliweka sawa hukohuko juu kwa mikono yako mwenyewe ili litue kwa matairi yote manne, maana likitua sawa linachomoka. Na wanachohesabu ni nyota. Kuruka nyota, kuserereka nyota, kupenya kwenye miti bila kugonga nyota, hata ukipata ajali ya maana wanakupa nyota. Ndiyo gemu pekee nililowahi kuona linaloendeshwa kama Hiace za Ujiji saa kumi na mbili jioni.

Basi. Nimelipa jero. NIMELIPA, sikukopa. Niko Fiji, nyota zinamiminika. Kuna dogo mmoja wa darasa la nne kaacha rekodi yake pale, banda zima linamwita Profesa, nimebakiza kidogo sana nimpite. Nikakiona kilima cha mwisho. Matairi yanaachana na ardhi tu, nikabana tabo, ile ya kuongeza kasi, palepale, maana ukiwahi umeharibu na ukichelewa umeharibu. Gari likapaa. Wakuu, LIKAPAA. Naona minazi iko chini, naona bahari yote, ingekuwa ni ziwa letu ningewapungia mkono Wakongo. Benchi zima limeinama na mimi upande wa kushoto. Mzee aliyekuja kuchaji simu tu, hajui gemu wala nini, naye kainama.

Giza.

Kachomoa waya wa tivii. Hakusema "kaka malizia", hakukohoa hata kidogo. Kachomoa. Halafu mbele ya watoto, kwa sauti yangu MIMI, ile ninayoitumia mlangoni mwa Hiace kila siku ya Mungu, akasema: "Muda umeisha, shuka."

Nishuke wapi? NIKO HEWANI!

Watoto walicheka mpaka mmoja akatapika ubuyu. Mimi nimeshusha watu maisha yangu yote, nimeshusha wazee kwa heshima, nimeshusha mama wa mbuzi na mbuzi wake. Sijawahi kumwambia abiria shuka gari likiwa hewani. Sijawahi!

Nimemaliza. Bado nina hasira.

---

Mgebuka_Mkavu:

Nimekaa pale na chai yangu. Huyo jamaa namjua, kofia ile hata akioga haivui.

---

BintiBangwe:

"Nishuke wapi, niko hewani" 😂😂😂 nimesoma kwa sauti ofisini, bosi kaniuliza nani yuko hewani.

---

Mzee_wa_Kibirizi:

Pole kijana. Meli yetu ya Liemba yenyewe Wajerumani waliizamisha 1916, ikaja kuibuliwa 1924. Gari lako lipe muda, nalo litashuka.

---

Fundi_Redio:

Mkuu, nimesoma mara mbili. Umesema kachomoa waya wa TIVII. Mashine yenyewe kazima?

---

Konda_MwishoWaReli:

Fundi mashine ilibaki na taa yake ya kijani inawaka. Lakini hoja siyo hiyo. Hoja ni kwamba mtu mzima na ndevu zake kaniambia shuka.

---

Fundi_Redio:

Hoja ni hiyohiyo. Mashine haijui kama tivii imezimwa. Gemu liliendelea. Gari lako lilitua zamani, ila hakuna aliyeliona. Na rimoti ile ina kidude ndani kinachohisi mkono umekaaje, ndicho kinachoendesha gari. Sasa wewe baada ya giza ulifanyaje na mikono?

---

Konda_MwishoWaReli:

Nilinyanyua mikono yote kumuuliza Mungu.

---

Fundi_Redio:

Basi umetua kwa pua.

---

BintiBangwe:

Jamani nakufa.

---

Gungu_Boy:

Lakini si kasema ajali nayo inatoa nyota? Kama katua kwa pua kutoka juu hivyo, hiyo ni ajali ya maana. Anaweza kuwa kashinda.

---

Konda_MwishoWaReli:

Subiri. SUBIRI. Kwa hiyo nilimpita Profesa?

---

KakaYakeProfesa:

Hujampita. Dogo ni mdogo wangu, tunalala chumba kimoja. Baada ya wewe kutoka ukibamiza mlango (mlango wenyewe ni pazia, sijui ulibamizaje), tivii ilichomekwa, jina la dogo liko palepale juu. Halafu dogo anasema injini yako ilikuwa inachemka muda wote kwa sababu hupiti majini. Ukipita kwenye maji inapoa, unabana tabo tena. Wewe ulikuwa unayakwepa maji kama umevaa viatu vya Idi.

---

Konda_MwishoWaReli:

Mwambie dogo asome kwanza, mtihani wa darasa la nne haupimwi kwa nyota. Na hakuna aliyeniambia mambo ya maji. Jero nimelipa, maelezo sikupewa, na mwisho nikaambiwa SHUKA.

---

Isevya_Finest:

Watu wa Kigoma mna raha sana, mnalalamika mmeshushwa. Sisi Tabora hapa Isevya kuna jamaa naye ana mashine hiyohiyo (naye simtaji, wa Tabora mnamjua, yule wa baiskeli ya gia inayouzwa tangu mwaka juzi). Kwake rimoti imefungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza. Ukiinamisha kulia, meza inakufuata. Nimemuuliza, akanijibu eti kamba ni sheria ya kampuni.

---

Fundi_Redio:

Kamba ipo kweli, ila ni ya kufunga kwenye kiganja. Mashine ilipotoka 2006 watu walikuwa wanarusha mikono, kamba zinakatika, rimoti zinaingia kwenye vioo vya tivii. Desemba mwaka huohuo Nintendo wakatoa kamba nene zaidi na kuwabadilishia watu. Ya mguu wa meza sijawahi kuisikia popote.

---

Isevya_Finest:

Sasa umeisikia. Na chini ya miembe yetu bado inaendelea.

---

Mgebuka_Mkavu:

Tukiachana na kamba, nani amewahi kuchezea banda hilo la Mwanga akasikia muziki mwingine zaidi ya ile kwaya? Gemu lile linakubali uweke kadi ya SD yenye nyimbo zako zipigwe wakati wa mbio. Jamaa kaweka wimbo mmoja. MMOJA. Unaruka milima ya Meksiko huku kwaya inakukumbusha habari za kaburi.

---

Gungu_Boy:

Na betri! Rimoti inakula betri mbili ndogo. Anakutoza hela ya gemu na hela ya betri, halafu betri yenyewe moja kaitoa kwenye saa yake ya ukutani. Nilimuona kwa macho yangu akiichomoa.

---

Konda_MwishoWaReli:

Gungu_Boy rudia hapo. Saa ya ukutani haina betri?

---

Gungu_Boy:

Haina. Imesimama saa nne na robo tangu kipindi cha mvua.

---

Konda_MwishoWaReli:

KWA HIYO ALIJUAJE MUDA UMEISHA???

Wakuu mmeona? Mmeona mtu huyu? Saa ya kunipimia muda ndiyo hiyo, na betri yake nimeishika mimi mkononi, ndani ya rimoti, nikiwa hewani! Nimemshikia muda wangu mwenyewe halafu ananiambia umeisha! Kesho asubuhi niko pale na mashahidi.

---

BintiBangwe:

Mashahidi gani, mzee wa kuchaji simu?

---

Konda_MwishoWaReli:

Yule mzee aliinama. Anajua ukweli.

---

Mama_Mawese:

Ngojeni kwanza. Nimesoma tangu juu nikisema huyu mtu namjua, huyu mtu namjua. Konda, wewe si wa ile Hiace yenye stika ya simba kioo cha nyuma? Mwenye jezi ya Yanga isiyofuliwa?

---

Konda_MwishoWaReli:

Shikamoo mama. Inategemea.

---

Mama_Mawese:

Marahaba. Haitegemei kitu. Juzi nimepanda Mwanga na madumu yangu mawili ya mawese, nimelipa mpaka Ujiji. Ulivyofika Buzebazeba ukasema "gari linageuza, shukeni wote". Na chenji yangu mia mbili ukasema nitakuona kesho. Kesho gani? Leo ni kesho?

---

Mgebuka_Mkavu:

Ooooh.

---

Konda_MwishoWaReli:

Mama yangu, ile siku dereva ndiye aliyeamua. Na gari lilikuwa limesimama chini, mama. Chini kabisa. Mimi nimeshushwa juu.

---

Mama_Mawese:

Mimi nilishushwa na madumu mawili. Wewe ulishushwa na rimoti.

---

Gungu_Boy:

Naye stika ya simba halafu jezi ya Yanga, hapo ndipo ningeanzia uzi.

---

AbiriaMvumilivu:

Mimi pia ananidai, namaanisha namdai, mia tatu. Stika ya simba, ndiye huyohuyo. Huwa anaweka chenji kwenye vidole, kila noti na kidole chake, ukiuliza anasema anatafuta ndogo.

---

Rusimbi_Kwetu:

Nilidhani ni mimi peke yangu. Mia tano, tangu Ramadhani.

---

KakaYakeProfesa:

Dogo anauliza je, naye akidai mia yake ya juzi atapewa? Alipandia Katubuka.

---

Konda_MwishoWaReli:

Wakuu uzi huu ni wa banda la gemu. Tusitoke kwenye mada. Mtu kachomoa waya.

---

Isevya_Finest:

Tabora makonda wanarudisha chenji. Naweka tu hapa.

---

Mzee_wa_Kibirizi:

Tabora hamna hata pa kwenda, konda akikimbia na chenji atakimbilia wapi, kwenye tumbaku?

---

Isevya_Finest:

Mzee heshima yako, lakini asali yetu ndiyo mnayotia kwenye chai huko. Na treni inafika kwetu kwanza, ninyi mnapata mabaki.

---

Mzee_wa_Kibirizi:

Na mgebuka, samaki wetu, unaoula wewe Isevya umetoka wapi? Tena unafika huko umeshaanza kukasirika.

---

Isevya_Finest:

Hapo umesema kweli mzee, na bei yake nayo imekasirika. Juzi nimeuziwa mitatu midogo kwa hela ambayo zamani nilikuwa napata fungu.

---

Mama_Mawese:

Hata huku mwaloni mgebuka na dagaa hawashikiki, mwezi umekuwa mkubwa, wavuvi hawaendi na taa. Subirini giza liingie bei itashuka.

---

Fundi_Redio:

Mama, ukisikia dagaa wameshuka nitag. Nachukua sado mbili.

---

AbiriaMvumilivu:

Nami moja. Nitamlipa mama kwa ile mia tatu iliyoko kwenye kidole cha konda.