Waajemi waliwezaje kushika nchi zote zile bila simu wala redio?

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Jana usiku nilikuwa nasoma kitabu cha Esta kwenye Biblia, mwanzoni kabisa nikakwama: Ahasuero, mfalme wa Waajemi, katawala majimbo 127 toka Bara Hindi mpaka Kushi (Sudan ya leo). Nikafungua ramani kwenye simu, aisee hiyo ni safari ya miezi! Mtu amekaa Shushani, mji wake wa kifalme huko Iran ya leo, atajuaje liwali wa Misri hajamgeuka? Na hawa watu walitokea wapi? Mwenye kujua atiririke.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, Koreshi aliyeanzisha dola hiyo alianza kama kamfalme ka Anshan tu, kusini mwa Iran ya leo, wakubwa walikuwa Wamedi, jirani zao wa kaskazini. 550 KK wakapigana, jeshi la Mmedi likaasi likamkamata mfalme wake lenyewe likamkabidhi kwa Koreshi. Hapo ndo mlango ulifunguka, akamteka mfalme Croesus wa Lidia na dhahabu zake huko Uturuki ya leo, 539 KK akaingia Babeli, halafu mwanae Cambyses akamalizia Misri 525 KK. Miaka 25 tu hiyo! Ila kuteka si kazi, kazi kukaa nacho, na hapo mwenye sifa ni Dario, mfalme aliyekuja baada yao.

Mchangiaji wa 2: Naongezea kwa Dario maana hapa ndo utamu ulipo. Kila liwali alipangiwa kodi yake, na toka Sardis, uliokuwa mji wa Croesus, mpaka Shushani kulikuwa na barabara ya kama kilomita 2,400, Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anasema vituo 111, mwenda kwa miguu siku 90 lakini matarishi wa mfalme walipokezana farasi. Mwaka 1933 huko Persepolis, mji mwingine wa kifalme wa Waajemi, vilichimbuliwa vibao vya udongo maelfu, ni mahesabu ya stoo! Msafiri anatoa barua yenye muhuri, anapimiwa unga na pombe yake, karani anaandika. Mpaka mama aliyejifungua ana mgao wake wa nyongeza, wa kiume mara mbili ya wa kike (hapo wameniudhi kwa kweli). Serikali inayojua nani kala nini leo, utaikimbilia wapi?

Mchangiaji wa 3: Sawa ila msiwafanye malaika. Dario alipoingia 522 KK nchi kibao ziliasi, na pale Behistun, magharibi mwa Iran, kaagiza ichongwe kwenye jabali kwa lugha tatu, kwamba yule muasi wa Umedi alimkata pua na masikio akamtoboa jicho, akamfunga mlangoni kwake watu wote wamuone. Walikuachia mungu wako na lugha yako, kweli, lakini kodi ikichelewa utajuta.

Mleta uzi: Nashukuru sana wakuu, mmenifungua. Na Kushi je, kweli walifika?

Mchangiaji wa 2: Nenda katazame picha za ngazi za Apadana, ukumbi mkubwa wa mfalme pale Persepolis. Misafara 23 imechongwa inaleta zawadi, mmoja wataalamu wengi wanasema ni Wakushi, nywele za kipilipili, mmoja kabeba pembe ya ndovu begani na nyuma kuna mnyama anavutwa kwa kamba, wengine wanasema twiga wengine okapi. Mimi nikimwangalia shingo nasema twiga.